Projekta mpya, ubao ni uleule

Kuna mwaka shule niliyokuwa nafundisha ilipata projekta. Moja. Ikafungiwa kabatini ofisi ya taaluma, funguo anazo mwalimu wa taaluma, ukiitaka unaandika kwenye daftari jina, kidato na kipindi. Wa kwanza kujiandikisha nilikuwa mimi, maana nilikuwa na hamu nayo kama mtoto na nguo ya Idi. Usiku mzima nikachapa notsi zangu za kidato cha pili kwenye PowerPoint, nikatia rangi, nikaweka maneno yanaingia yakizunguka, kesho yake madirisha tukayaziba kwa kanga kwa sababu mwanga ulikuwa unaua picha, nikawasha. Darasa zima likashangilia. Kisha nikasema, "Haya, nakilini."

Dakika themanini, watoto sabini na kitu, wananakili kutoka ukutani kile ambacho wiki iliyopita walikuwa wananakili kutoka ubaoni. Tofauti ni kwamba gizani mwandiko unaharibika, na kila nikigeuza slaidi kuna mtu wa nyuma anapiga kelele "Ticha rudisha!" Ubaoni angalau mi naandika kwa mkono na wao wanaandika kwa mkono, tunaenda sawa. Projekta ilinipa mimi kasi ya kidole, wao wakabaki na mkono.

Nilichukua muda mrefu sana kuelewa kwamba projekta haikuwa na kosa lolote. Kosa ni kwamba nilikuwa naamini kitu bila kujua kama nakiamini, yani nilikuwa naamini elimu iko kwenye daftari langu na kujifunza ni ile kuihamisha kwenda kwenye daftari lao, kwaiyo ukinipa kifaa chochote duniani mi nitakitumia kuhamishia. Ukinipa kishikwambi nitahamishia, ukinipa grupu la WhatsApp nitarusha PDF kurasa 40 usiku wa saa nne alafu nitasema nimefundisha kidijitali. Kifaa kinapofika darasani kinakuta mwalimu ana imani yake tayari kuhusu mtoto anajifunzaje, na mara nyingi hiyo imani ndo inashinda.

Na cha kuchekesha, chuoni nilifundishwa haya mambo. Skinner, Piaget, Vygotsky, wale wanasaikolojia wa nadharia za kujifunza, wote nilikutana nao, nikawameza, nikafanya mtihani, nikawaacha pale mlangoni pa chumba cha mtihani. Mhadhiri alituandikisha notsi kwamba mwanafunzi hujenga maarifa mwenyewe na wala hapaswi kuandikishwa notsi. Tukaandika. Hakuna aliyecheka.

Sasa hizi nadharia ukizirudia ukiwa mtu mzima, umeshapigwa na darasa la watu themanini, zinakuwa kitu kingine kabisa. Chukua huyo Skinner. Novemba 1953 alikwenda kutembelea darasa la hesabu la binti yake, mtoto wa darasa la nne huko Marekani, akakaa nyuma akaangalia. Alichokiona ni kile unachokiona hapa kwetu leo asubuhi: wengine wameshamaliza wamekaa tu, wengine hata hawajaelewa swali, na wote watajua kama wamepata au wamekosa pale mwalimu atakaposahihisha madaftari, yani kesho. Skinner alikuwa mtu wa kufundisha njiwa maabara, anajua kwamba njiwa akifanya jambo sahihi unampa punje palepale, ukichelewa hajui unampa ya nini. Akaona hawa watoto wanapewa punje kesho yake! Mwaka uliofuata akawa na mashine yake ya kufundishia, kisanduku chenye dirisha dogo, swali linatokea, mtoto anajibu, anavuta kitu, anaona jibu sahihi hapohapo, anaenda la pili. Hatua ndogondogo mpaka kukosea kunakuwa kugumu.

Ukiangalia vizuri, hicho kisanduku ndo mama wa programu karibu zote za mazoezi zilizomo kwenye simu za watoto saivi. Swali, kitufe, kengele, nyota tatu, hongera. Kahoot, ule mchezo wa maswali wa mtandaoni, ni hiyohiyo yenye muziki. Kule Kenya Eneza walipeleka maswali ya masomo kwa SMS mpaka kwenye simu za vitufe, ni hiyohiyo. Wasomi wanaiita bihevyarizimu, sisi tuseme tu ni nadharia ya punje: fanya, pata jibu palepale, rudia.

Watu wa elimu wameizoea kuidharau hii nadharia. Ukiitaja kwenye semina unaonekana mshamba, kila mtu anataka kusikia mwanafunzi kiini cha ujifunzaji. Mi siidharau, na sababu yangu iko Tanga. Kati ya 2017 na 2019 kulikuwa na majaribio ya shindano la kimataifa la XPRIZE, timu tano zilizofika fainali zikatengeneza programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, zikawekwa kwenye vishikwambi vikapelekwa vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga, kwa watoto karibu 2,700 ambao wengi wao hawakuwa shule kabisa. Walimu hawakuwepo. Kulikuwa na kituo cha kuchajia kwa sola na mtoto na kishikwambi chake. Walivyoanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 hilo kundi la wasioweza hata neno moja likapungua nusu. Mei 2019 zawadi wakagawana onebillion na Kitkit School, dola milioni kumi wamekatiana katikati.

Hiyo nusu unaweza kuisoma pande mbili na zote ni za kweli. Mtoto ambaye hajawahi kuona mwalimu kafika mahali anasoma "baba", tena kwa mashine, hilo ni jambo kubwa na anayelibeza hajawahi kukaa na mtu mzima asiyejua kusoma risiti ya dawa. Lakini pia miezi 15 yote na nusu nyingine bado hata neno. Herufi na sauti yake, jedwali la kuzidisha, spelingi, hivi ni vitu ambavyo punje inavifanya vizuri sana, mtoto anarudia mara mia na mashine haichoki wala haimwiti mbumbumbu. Shida inaanza pale tunapochukua kifaa cha punje tukategemea kitoe mtoto anayehoji. Hakitatoa. Hakikujengwa kwa hiyo kazi.

Upande wa pili kuna Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, ambaye alikaa Geneva na Piaget miaka kadhaa mpaka 1963 ndo akaenda MIT, chuo cha teknolojia huko Marekani. Kwa Piaget alitoka na wazo kwamba mtoto hamiminiwi akili kama maji kwenye debe, anaijenga mwenyewe kwa kushika vitu na kugongana navyo. Papert akaongeza la kwake: basi mpe kitu cha kujenga. Mwaka 1967 yeye na wenzake wakatoa Logo, lugha ya kompyuta ya watoto, una kobe wako unamwambia nenda mbele hatua mia, geuka kulia nyuzi tisini, mara nne, umepata mraba. Ukikosea kobe anakwenda hovyo, na wewe mwenyewe unaona amekwenda hovyo, hakuna kengele ya kukuambia umekosa. Alikuwa analalamika kwamba kompyuta inatumika kumprogramu mtoto wakati mtoto ndo alitakiwa aiprogramu kompyuta.

Wazo tamu. Ila wazo tamu likikutana na serikali linakuwa tenda. Miaka ya 2000 ukaja mradi wa laptop moja kwa kila mtoto, ile iliyotangazwa 2005 kuwa ni ya dola mia, na mizizi yake ni hukohuko kwa Papert. Peru walinunua mamia ya maelfu. Jirani zetu Rwanda nao walichukua zaidi ya laki mbili. Utafiti mkubwa wa Peru ulipotoka 2012, ukakuta hesabu na lugha havijasogea. Kwenye vipimo vya jumla vya kufikiri palionekana unafuu fulani, lakini darasani, kile kinachopimwa na shule, hola. Na ukijiuliza kwanini jibu halihitaji utafiti mwingine: laptop ilikuwa na imani ya Papert ndani yake, mwalimu alikuwa na imani yangu mimi na projekta yangu. Mtoto akafungua laptop akanakili kutoka ubaoni. Kifaa cha kujengea kimegeuka daftari lenye betri.

Sasa turudi nyumbani, maana huku ndo kuna utamu wenyewe.

Kenya waliahidiwa laptop za darasa la kwanza kwenye kampeni za 2013, zikaja kuwa tablet, mradi ukaanza kusambazwa 2016, vifaa zaidi ya milioni moja. Katikati ya safari, 2019, mtaala wenyewe ukabadilika nchi nzima, 8-4-4 ya zamani ikaanza kuondoka, CBC, yani mtaala wa umahiri, ikaingia, mtoto sasa anatakiwa atende, agundue, ashirikiane. Kwaiyo una vifaa vilivyoahidiwa enzi za mtaala mmoja vinafanya kazi kwenye mtaala mwingine. Huku kwetu Tanzania mambo ni yaleyale kwa njia nyingine: Sensa ya Agosti 2022 ilifanyika kwa vishikwambi, sensa ikaisha, vishikwambi vikapelekwa kwa walimu. Sipingi, ni uamuzi mzuri kuliko kuvioza store. Ila tuwe wakweli, kile kifaa kilinunuliwa kuhesabia watu. Hakuna aliyekaa chini akajiuliza mtoto wa darasa la tatu anajifunzaje ndo akasema basi tununue hiki. Kilikuja kwanza, sababu tukaanza kuitafuta baadaye.

Na mafunzo ya kukitumia tunayajua. Hapa ndo pa kuwashia, hapa wi-fi, hapa unaingia maktaba mtandao ya TET, yani Taasisi ya Elimu Tanzania, hapa unapakua kitabu, maswali? Hamna, haya tupige picha ya pamoja. Yote muhimu, mi mwenyewe kuna vitu nilijifunzia hapo. Lakini ukimfundisha mtu vitufe bila kugusa imani yake, atarudi shuleni akiwa na imani ileile na vitufe zaidi. Kitabu ambacho alikuwa anakisoma kwa sauti watoto wakiandika sasa anakisoma kwa sauti kutoka kwenye kioo.

Kuna kazi moja ilifanyika Kisumu, matokeo yake yakachapishwa 2016, naipenda kwa sababu haina makeke. Ilikuwa mradi wa kufundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma, walimu wana miongozo, watoto wana vitabu, alafu wakajaribu kuongeza vifaa kwa makundi matatu: kundi moja watoto wakapewa vifaa vya kusomea, kundi jingine walimu wakapewa tablet, na kundi la tatu tablet wakapewa wale maofisa wanaozunguka shule kuwaangalia walimu wakifundisha na kuwaelekeza. Makundi yote yalifanya vizuri kuliko shule zisizo na mradi, lakini kifaa mkononi mwa mtoto hakikuwashinda wengine, na ukipiga hesabu ya pesa, aliyelipa vizuri kati ya hao watatu ni yule ofisa anayezunguka. Tablet yake ilikuwa inamsaidia kukaa na mwalimu, kuona somo, kumwambia hapa vizuri, hapa badilisha.

Hapo Vygotsky angetabasamu, kama angeishi, maana alifariki 1934 na miaka 37 tu. Yeye alisema kuna eneo ambalo mtoto peke yake halifiki ila akiwa na mtu anayejua kidogo zaidi analifika, na kujifunza kunatokea pale. Waliokuja baadaye, 1976, ule msaada wakaupa jina la vyombo vya mafundi ujenzi, sisi tungesema ni mirunda: unasimamisha zege ikiwa mbichi, ikishika unatoa. Alichokisema kwa mtoto kinamhusu na mwalimu. Mwalimu naye anahitaji mirunda, na tablet ya ofisa ilikuwa ni mirunda.

Hii nadharia ndo inayofaa shule zetu kuliko zote kwa sababu moja ya kimaskini kabisa: vifaa ni vichache. Wenzetu wanahangaika kila mtoto awe na chake, sisi simu moja watoto sita, tunaona aibu. Mi nimeshaona watoto sita kwenye simu moja wanagombana kama jibu ni A au C, "we huoni imeandikwa SI", "si ina maana gani", "ticha kasema", ule ugomvi ndo somo lenyewe. Ukimpa kila mmoja simu na spika za masikioni umeua ugomvi. Bila shaka kuna yule mmoja anayeishika simu saa zote na wengine wanaangalia kisogo chake, hilo linataka mwalimu azunguke, aseme sasa shika wewe.

Kitu kingine ambacho hatukisemi ni lugha. Tangu 1988 mwanasaikolojia John Sweller na wenzake wanaandika kuhusu mzigo wa akili, kwamba ile sehemu ya kichwa inayofanya kazi kwa wakati mmoja ni ndogo. Mi naiona kama meza ya mama ntilie, ina nafasi ya sahani chache, ukiweka ya ziada moja inadondoka. Sasa mchukue mtoto kidato cha kwanza, miaka saba amesoma kwa Kiswahili, leo slaidi ni ya Kiingereza mistari kumi na tano, ticha anaisoma kwa sauti huku anachanganya na Kiswahili, maneno yanaingia yakizunguka kama yale yangu, pembeni kuna picha ya jani inayowakawaka ambayo haihusiani na kitu. Mtoto ana sahani ya lugha, sahani ya kunakili, sahani ya jani, na fotosinthesisi yenyewe imeshadondoka chini zamani. Video ya dakika mbili bila maneno, unaisimamisha katikati, unauliza "mnadhani itatokea nini?", inabeba zaidi ya slaidi thelathini. Nimechelewa kujua hili na watoto walionakili gizani siwezi kuwarudisha.

Ila kabla hujamlaumu mwalimu angalia anachopimwa nacho. Mtaala ulioboreshwa tulioanza nao Januari 2024 unaongelea umahiri kila ukurasa. Sawa kabisa. Ubao wa matokeo nje ya ofisi ya mkuu unaongelea wastani. Ofisa elimu akija anauliza ufaulu, mzazi anauliza ufaulu, na mtihani wenyewe sehemu kubwa bado unampa alama anayekumbuka. Kwaiyo mwalimu mwenye akili timamu anachukua kishikwambi chake anapakua past paper za miaka kumi, anawakimbiza watoto, anapasisha. Anafanya nadharia ya punje kwa sababu yeye mwenyewe analishwa punje! Ukitaka afundishe kwa mradi na majaribio na watoto kurekodi video, alafu mwisho wa mwaka unampima kwa kukumbuka, unamwomba ajitoe sadaka.

Wapo wanaojitoa lakini. Kuna mwalimu jirani yetu shule ya msingi, wa sayansi, darasa la tano. Kishikwambi chake kioo kimepasuka pembeni kakibana na selotepu. Mada ilikuwa mahitaji ya mbegu kuota. Kawapanga watoto makundi, kila kundi makopo manne matupu ya nyanya, pamba, maharage: moja lina maji na limekaa darasani, moja kavu, moja maji yamejaa mpaka juu yamefunikwa na mafuta ya kula, moja limewekwa maji kidogo likapelekwa kwenye friji ya mama wa duka la soda. Kila asubuhi kabla ya namba mtoto mmoja wa kila kundi anapiga picha makopo yao, palepale, alama ya chaki sakafuni ya kuweka kishikwambi ili picha zilingane. Siku ya nane wakazipitisha haraka haraka kwa kidole, maharage yanainuka kama mtu anaamka. Kulikuwa na kopo la kundi moja ambalo la mafuta nalo limechipua kidogo, ubishi uliozuka hapo mpaka kengele ya chakula imelia wapo tu, mmoja anasema mlitia mafuta kidogo, mwingine anasema hewa iliingia siku ile mlipolitikisa, mwalimu amekaa kwenye dawati la nyuma kimya.

Nilimuuliza hiyo njia kaitoa semina gani. Akasema hakuna semina, ni kwamba alichoka kuwaambia mbegu inahitaji hewa wakati hakuna hata mmoja anayeamini kwamba mbegu inapumua.

Nikaichukua hiyo stori nikaipeleka kwetu. Sasa hivi tukipata walimu wa BTP, wale wanachuo wanaokuja kufanya mazoezi ya kufundisha, na mi ndo nawasimamia, nikipitia andalio la somo nikaona kwenye safu ya zana mtu kaandika "kishikwambi" au "projekta", nauliza swali moja tu, mtoto atafanya nini nacho. Mwezi uliopita nilimuuliza kijana mmoja mzuri tu, anajituma, akajibu "Ataangalia." Nikamuuliza akishaangalia? Akakaa kimya. Akachukua kalamu akafuta kishikwambi, akaandika maharage, pamba, makopo manne. Kisha akaniangalia kwa wasiwasi.

"Sasa mwalimu, msimamizi wa chuo akija akakuta hamna tehama si atanikata maksi?"

Nikamwambia atakukata kweli, we chini hapo ongeza: simu ya mwalimu, ya kupigia picha.